Mbwa Waliopakwa Kanta

Mwelu Ndambuki alikagua nyama kwa miaka ishirini na tisa katika machinjio moja kule Athi River, na katika miaka hiyo yote hakuna mtu aliyewahi kumwita mpole. Alisimama juu ya sakafu iliyolowa, gambuti nyeupe miguuni na kisu mkononi, akipasua maini na kupapasa tezi, na kisichomridhisha alikipiga muhuri wa kutupwa bila kuinua macho. Wafanyabiashara walimlilia. Wengine walimletea soda. Mmoja alimletea kitenge kipya siku chache kabla ya Krismasi, naye Mwelu akakifunga kwenye paja la ng'ombe wa bwana huyo huyo, ng'ombe aliyejaa vifuko vya minyoo ya tegu, akamwacha ananing'inia hivyo mpaka saa ya chakula ili kila apitaye aulize ni wa nani.

Alizaliwa Muthetheni, katika familia ya wakulima wa mahindi na mbaazi. Baba yake alikuwa mtu wa kanisa na mtu wa soko, na sokoni hakumwamini hata mwenzake wa kanisani. Alimfundisha binti yake kufungua mdomo wa mbuzi kabla ya kuuliza bei. "Bei ni maneno," alimwambia. "Meno ndiyo ushahidi." Mwelu akakua hivyo, na machinjioni wakamwongezea kisu.

Alipostaafu alirudi Mumbuni, pembeni mwa mji wa Machakos, kwenye nyumba waliyojenga na marehemu mumewe, Kaloki. Watoto walikuwa wameshatawanyika. Bintiye mkubwa, Ndanu, ambaye majirani humtumia kumwita mama yake, anafundisha Kitui. Mwelu akafuga mbuzi wanne wa maziwa, akawa anauza maziwa kwa majirani na kuwakosoa majirani hao hao kwa jinsi wanavyochemsha. Kisha mwezi wa nane wezi wakaingia wakachukua mbuzi wawili, mmoja akiwa na mimba. Mbwa wake wa kienyeji, mzee asiye na meno, hakunyanyua hata sikio. Wiki mbili baadaye mbwa huyo naye akafa kwa uzee, na Mwelu akaamua kwamba safari hii atanunua mbwa wa maana.

Hapo ndipo alipoingia kwenye ugonjwa ambao mji wetu unao siku hizi. Machakos ya sasa mtu hajamaliza kuezeka nyumba, lakini geti lina nguzo mbili za mawe na bango jeusi: mbwa mkali. Ukiingia unamkuta mbwa mwenyewe amefungwa kwenye mti wa parachichi, anatetemeka, na mwenye nyumba anakutolea karatasi usome jina la babu yake. Watu ambao hawawezi kukutajia jina la babu yao wa tatu wanakusomea ukoo wa mbwa mpaka Ujerumani. Na kwa kuwa mpumbavu akishaitisha kitu lazima apatikane mjanja wa kukileta, wauzaji wamejaa kwenye simu kama kupe kwenye sikio.

Mmoja wao alijiita Brother Musyoka. Mradi wake ulikuwa na jina refu la Kiingereza lililojaa wafalme na mataji, na picha zake zilikuwa nzuri: watoto wa mbwa, wale wa Kijerumani wanaoitwa jamani shepadi, wameketi kwenye zulia la kijani la plastiki, mgongo mweusi, miguu ya rangi ya mchanga, na nyuma yao pazia la maua ya waridi. Mwelu akapiga simu.

"Bwana asifiwe, mwaitu," sauti ikajibu. Mwaitu kwa Kikamba ni mama yangu, na kijana huyo alilitamka neno hilo kama mtu anayemwaga asali.

"Amina. Nataka mbwa wa kulinda mbuzi. Nitakuja kwanza nimwone mama yake."

"Aki mwaitu, usiteseke na hii jua. Halafu mama yao ametoka kuzaa, ni mkali, anaweza kukuuma nikose raha. Mimi si broka. Mimi ni mtu ameokoka, mbwa zangu nazilea ndani ya nyumba kama watoto. Nitakuletea mpaka Machakos. Lakini tuamue leo, kuna mama wa Syokimau amenipigia mara tatu juu ya huyu huyu."

Mwanamke aliyekataa soda kwa miaka ishirini na tisa akahamishia simu sikio la pili. Kijana akauliza kama anaweza kumwombea. Akamwombea palepale kwenye simu, akaombea na mbuzi wawili waliobaki, akalaani mikono ya wezi. Tangu Kaloki azikwe hakuna mtu aliyekuwa amemwombea Mwelu bila kutaka maziwa. Akakubali.

Walikutana kwenye kituo cha petroli, dakika tano. Brother Musyoka alifika akiwa na haraka, boksi la biskuti kwapani, na ndani ya boksi mtoto wa mbwa aliyelala. Alitoa kadi ya chanjo na cheti cha ukoo chenye muhuri mwekundu, akapokea bei ambayo ingetosha mtamba wa ng'ombe, akasema Mungu akubariki, akaondoka. Mwelu akaenda nyumbani na boksi lake. Mtoto wa mbwa alikuwa na tumbo la ngoma na hakutaka kucheza. Mwelu akajiambia amechoka na safari.

Siku ya tatu mbwa akatapika. Kufikia adhuhuri alikuwa anaharisha damu, na harufu yake Mwelu aliijua. Ilikuwa harufu ya utumbo unaooza ndani ya mnyama ambaye bado anapumua. Alimfunga kwenye kanga ya zamani akampeleka kwa Daktari Ndunda, kijana mwenye kliniki ya mifugo mjini, ambaye Mwelu alimheshimu kwa sababu alikuwa hasemi sana.

Daktari alimwekea dripu, kisha akaanza kumsafisha kwa maji ya uvuguvugu na taulo jeupe. Taulo likawa jeusi. Akalisuuza, akafuta tena, likawa jeusi tena. Mgongo wa mbwa ulikuwa unabadilika mbele ya macho yao, weusi ukitoka na rangi ya kahawia ikibaki, kahawia ile ile ya kila mbwa anayelala chini ya meza za wauza nyama Muthetheni.

"Hii ni kanta, Mama Ndanu," daktari alisema. "Ile rangi ya kutia nywele weusi. Wamempaka."

Mwelu aligusa taulo kwa kidole, akakinusa.

"Uliambiwa ana umri gani?"

"Wiki tisa."

Daktari alimfungua mbwa mdomo taratibu kwa vidole viwili. "Hata tano sidhani. Angalia, magego ndiyo kwanza yanachungulia. Huyu alitakiwa awe kwenye chuchu ya mama yake. Na ugonjwa wenyewe ni parvo, virusi vya utumbo. Angekuwa amechanjwa kweli, au mama yake amechanjwa, tungekuwa na matumaini zaidi."

"Kadi inasema amechanjwa mara mbili."

Daktari aliichukua kadi, akaisogeza karibu na dirisha. Alikaa nayo muda mrefu kuliko kadi ndogo kama ile ilivyohitaji.

"Hii stika ni ya chanjo ya kuku," akasema.

"Ya nini?"

"Ya kuku, mama. Ya kideri. Mtu amebandua kwenye chupa ya chanjo ya kuku akabandika hapa."

Kisha wakasoma cheti cha ukoo pamoja. Kilikuwa na baba, babu, na mababu wa pande zote wenye majina marefu ya Kijerumani. Kwa mujibu wa tarehe zilizoandikwa, mama wa mbwa yule alizaliwa mwezi mmoja baada ya mtoto wake.

Mbwa alikufa kesho yake asubuhi. Mwelu hakuwa hata amempa jina. Alimzika nyuma ya zizi, akapiga dawa ya kung'arisha nguo kila mahali alipolala, kisha akakaa juu ya hori la mbuzi mikono imelegea. Kilichomuuma hakikuwa pesa. Wala hakikuwa mbwa peke yake, ingawa alimhurumia kiumbe yule aliyenyang'anywa mama ili aje afe kwenye boksi la biskuti. Kilichomuuma ni kwamba yeye, binti wa mtu aliyefungua midomo ya mbuzi sokoni, mkaguzi aliyesoma umri wa ng'ombe kwa meno akiwa amesinzia, hakuwa amemfungua mbwa yule mdomo hata mara moja. Aliombewa, basi, akafumba macho pamoja na mwombaji.

Alipiga simu.

"Mwaitu, pole sana," Brother Musyoka alisema. "Lakini hiyo mbwa nilikupea ikiwa mzima. Labda uliipea maziwa ya mbuzi. Bwana alitoa, na Bwana ametwaa."

"Bwana alitoa mbwa wa kahawia," Mwelu akasema. "Mweusi ulimpaka wewe."

Simu ikakatika, na namba yake haikuingia tena kwa mtu huyo.

Hakumwambia mtu. Majirani walipouliza alisema mbwa aliugua. Pengine angenyamaza mpaka leo kama si shemeji yake Erastus, mdogo wa marehemu Kaloki.

Erastus ana ofisi katika kiwanda cha nguo Athi River, na ni mtu wa kupendeza kama huhitaji kumsikiliza. Ndiye aliyejenga geti la nguzo za mawe kabla ya choo. Jumapili moja alikuja kula kwa Mwelu, akamsogezea simu juu ya sahani ya isyo, pure ya mahindi na maharagwe ambayo hakuna mtu mwenye akili huiacha ipoe.

"Shemeji, angalia mbwa yangu. Naichukua Jumamosi. Ina karatasi mpaka Ujerumani."

Mwelu alitazama. Jina la mradi lilikuwa jingine na namba ya simu nyingine. Lakini zulia lilikuwa lile la kijani la plastiki, na nyuma ya mbwa palikuwa na pazia la waridi.

Alitafuna mpaka akamaliza. "Umemwona mama yake?"

"Atatuletea kwa petroli stesheni. Jamaa ni mtu wa Mungu kabisa."

"Mwambie unataka kumwona mama yake, la sivyo hununui. Mwambie una pesa yote mkononi. Na mimi nakuja."

Ilichukua siku tatu za kubembelezana. Mara mama mbwa alikuwa mgonjwa, mara barabara ilikuwa mbaya, mara kulikuwa na mnunuzi mwingine njiani. Lakini neno pesa mkononi lina nguvu, na Jumamosi asubuhi Erastus na Mwelu walifika kwenye ploti iliyozungushiwa mabati nje kidogo ya Athi River. Walikuta mume na mke kutoka Syokimau wameshafika, wote wawili wamevaa miwani ya jua, mke amempakata mtoto wa mbwa mmoja kifuani na ameshampa jina.

Brother Musyoka alikuwa na fulana iliyotariziwa taji. Hakumtambua Mwelu. Alikuwa amewauzia wengi mno kukumbuka uso wa mama mmoja wa kituo cha petroli, na mtu wa aina yake hatazami uso.

"Karibuni, karibuni familia," alisema. "Hapa ndipo wafalme wanazaliwa."

"Kijana," Mwelu akasema, "mama yao ni yupi?"

Alitoa mbwa jike mzuri, wa Kijerumani kweli, manyoya yanang'aa, mkia umetulia. Alimwita Malkia. Mke wa Syokimau akasema wow. Mwelu akapiga magoti, akamkuna mbwa shingo, akamruhusu amnuse, kisha mkono ukateremka tumboni ukapapasa, ule mkono uliopapasa mizoga elfu kwa elfu.

"Huyu ni msichana," alisema.

"Ati nini?"

"Huyu hajawahi kuzaa. Hizi chuchu hazijanyonywa hata siku moja."

"Maziwa ilikauka mapema, mwaitu. Ni hii jua."

"Maziwa hukauka. Chuchu hazirudi kuwa za msichana. Mimi nimezaa watatu. Nikuonyeshe?"

Mume wa Syokimau akavua miwani. Erastus akatazama viatu vyake. Mwelu alishainuka, akachovya leso yake kwenye bakuli la maji la Malkia, akaenda kwa yule mke na kumwomba kwa adabu amshikie mbwa vizuri. Akafuta mgongo mara tatu. Akaifunua leso.

"Hiyo ni vumbi ya barabara," Brother Musyoka akasema haraka.

"Vumbi la hapa ni la viwanda vya saruji, jeupe, kijana. Hata majani ni meupe. Hii ni kanta, na umepaka vibaya, umeruka nyuma ya masikio."

Yule mke aligeuza sikio la mbwa, akaona, akaanza kulia. Mwelu hakumbembeleza. Aliitisha kadi ya chanjo, akawaonyesha kwamba stika ni ya kuku. Akamfungua mbwa mdomo, akawaonyesha magego. Alifanya hayo yote kwa sauti ile ya machinjioni, isiyopanda wala kushuka, na baada ya kila jambo alinyamaza kidogo kama anayesubiri mtu aandike.

Ndipo wakasikia mbwa akilia nyuma, kwenye kibanda cha mabati. Mwelu akaelekea huko. Brother Musyoka akamzibia njia.

"Mama, huko ni private. Unataka kuniharibia biashara, kwani nimekukosea nini?"

"Nimesukumwa na mafahali, kijana. Ondoka."

Akaondoka. Watu wengi hawajui kwamba mwizi wa aina hii ni mwoga. Kazi yake yote ni kutafuta njia ya kuiba bila kusimama mbele ya mtu.

Ndani ya kibanda mlikuwa na akina mama halisi wa wafalme. Walikuwa watano, ndani ya matundu ya mbao za paleti, kwenye sakafu iliyolowa mikojo. Mbavu zao zingehesabika kutoka mlangoni. Chuchu ziligusa chini, nyingine zina vidonda. Walikuwa mbwa wa kienyeji, wa kahawia na wa manjano, waliookotwa sokoni na barabarani, wakazalishwa, wakanyang'anywa watoto, wakazalishwa tena. Mmoja alijaribu kutikisa mkia akashindwa. Mwelu, aliyeona vifo vya wanyama kila siku ya kazi kwa miaka ishirini na tisa, alishika mlango. Machinjioni mnyama hufa mara moja. Hawa walikuwa wanachinjwa kila baada ya miezi sita.

Alimpigia Daktari Ndunda, naye daktari akawapigia maafisa wa mifugo. Wakati wa kuwasubiri Mwelu aligeuza ndoo, akaikalia kwenye geti, leso nyeusi gotini. Wanunuzi wengine wawili walikuja, akawaonyesha leso, wakarudi. Mume na mke wa Syokimau walisimama naye. Brother Musyoka alikuwa anapiga simu kila pembe ya ua, na Malkia, ambaye baadaye ilijulikana alikuwa wa kukodisha, amelala kivulini.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo Mwelu husema lilimchefua kuliko kibanda. Alimwona Erastus amemvuta Brother Musyoka kando ya tangi la maji. Erastus ana sauti ya mtu wa mikutano. Hata akinong'ona unasikia.

"Sasa bradha," alikuwa anasema, "kwa vile mambo imeharibika, hiyo moja unaweza niachia kwa bei gani? Lakini na karatasi zake."

Mwelu akageuka kwenye ndoo. "Shemeji, unataka mbwa au unataka karatasi?"

Erastus alishtuka, lakini hakuona haya. "Shemeji, nani atakuja kwangu kupanguza mbwa na kitambaa? Watu wanaangalia karatasi."

"Basi nunua karatasi uifunge mnyororo getini."

Mume wa Syokimau alicheka mpaka akashika ukuta wa mabati. Erastus aliondoka na gari lake, akamwacha shemeji yake atafute njia ya kurudi Machakos. Mwelu alirudi kwa gari la daktari, aliyekuja na maafisa, akiwa nyuma katikati ya mbwa wawili wagonjwa, na anasema ilikuwa safari nzuri kuliko ile ya kwenda.

Kama unangoja kusikia kwamba Brother Musyoka alifungwa, utangoja. Alishtakiwa kwa kutesa wanyama, akatozwa faini, akailipa siku hiyo hiyo kama mtu anayelipa maegesho. Mbwa watano wa kibandani walitibiwa. Wawili walikufa, watatu walipata watu. Miezi miwili haikupita, yule mke wa Syokimau akamtumia Mwelu picha aliyoikuta kwenye simu: mradi mpya, jina jipya lenye masultani, watoto wa paka wa Kiajemi wameketi kwenye zulia la plastiki. Zulia safari hii lilikuwa la bluu. Naye Erastus alipata mbwa wake kwa mtu mwingine, rafiki wa rafiki. Masikio yaliyokuwa yamesimama kwa gundi yalianguka wiki ya pili. Sasa ni mbwa wa manjano mwenye miguu mifupi, mbwa mzuri tu, anayependa watoto. Cheti chake kimewekwa fremu sebuleni, na mgeni lazima akisome kabla ya kupewa chai.

Mwelu naye bado alihitaji mbwa. Daktari Ndunda alimpa namba ya mwanamke anayeitwa Wavinya, aliyewahi kufunza mbwa wa walinzi na sasa anafuga wa Kijerumani upande wa Mwala. Mwelu akapiga. Hakuitwa mwaitu, wala hakuombewa.

"Unataka mbwa wa nini?" Wavinya aliuliza.

"Kulinda mbuzi."

"Ua wako una ukubwa gani? Nani yuko nyumbani mchana? Ukienda kwa mtoto wako Krismasi, nani atamlisha?"

"Wewe unauza mbwa au unaniposa?"

"Njoo uone kwanza. Usibebe pesa."

Mwelu alikwenda akiwa amekasirika, na alichokikuta hakikuwa cha kupiga picha. Mama mbwa alikuwa amenyonyoka manyoya, chuchu zimelegea kama soksi, na alimwonyesha Mwelu meno yote. Watoto wake walikuwa wachafu, wenye kelele, na mmoja aliirukia sketi yake akaitoboa. Baba yao alikuwepo pia. Wavinya alitoa eksirei za nyonga za mbwa wote wawili, akazishika dirishani, akaeleza ni kwa nini mbwa mwenye nyonga mbovu hapaswi kuzaa hata akiwa na uso wa malaika. Alisema hatoi mtoto kabla ya wiki kumi, na mbwa akimshinda mtu lazima arudishwe kwake, asiuzwe wala kutupwa. Mwelu alifungua midomo ya watoto wote sita. Wavinya akamtazama anavyofanya.

"Umewahi kupoteza mbwa?" akauliza mwishoni.

Mwelu angeweza kusema ule uongo aliowaambia majirani. Alimweleza yote, boksi, maombi, kanta, na siku ya nne.

"Basi siwezi kukuuzia," Wavinya akasema. "Parvo inakaa kwa mchanga mwaka mzima, hata zaidi. Nikikupa mtoto sasa hivi nimemuua. Rudi mwaka ujao." Kisha akaongeza, bila tabasamu, "Daktari aliniambia kazi yako. Mimi nilikuwa nafikiria mtu wa kukagua nyama ana akili."

Hakuna aliyewahi kumwambia Mwelu Ndambuki neno kama hilo akabaki amesimama. Alifungua mdomo kujibu. Halafu akaona kwamba kwa mara ya kwanza katika biashara hii yote mtu alikuwa anamkatalia pesa yake kwa sababu ya mbwa. Akaketi kwenye kiti cha plastiki akaitisha maji ya kunywa, na wakazungumza juu ya minyoo mpaka jua likaanza kupungua makali.

Alisubiri mwaka mmoja na miezi miwili. Katika muda huo aliweka taa zizini, akaamka mwenyewe mbuzi walipolia, na watu wa Mumbuni wakaanza kumjia wakiwa na picha kwenye simu. Hawaombi ushauri wakapata upole. "Umemwona mama yake?" huwauliza, na wakisema bado, hurudi kwenye kazi yake kama vile wameshaondoka. Wengine hukasirika, wakasema mama huyu ana dharau. Anayo, na ameipata kwa gharama.

Siku ya mbwa ilipofika, Wavinya alikataa pia kukutana mjini. Alimleta mwenyewe Mumbuni kwa pikapu yake, mtoto jike wa wiki kumi na mbili, chanjo zimekamilika kwa umri wake, anabwekea mbuzi kupitia dirishani. Lakini hakumteremsha. Alishuka peke yake, akazunguka ua wote mikono nyuma, akapima kwa hatua kibanda alichojengewa mbwa, akatikisa seng'enge, akafika kwenye mlango wa kibanda akausukuma kwa goti. Komeo likafunguka.

"Hii ni nini?" aliuliza.

"Ni komeo," Mwelu akasema.

"Hii ni mapambo. Akiwa na miezi minne ataifungua na pua, na barabara iko hapo. Nani aliiweka?"

Aliiweka Mwelu mwenyewe, lakini hakuona haja ya kulisema hilo. Alimwita Kimeu, fundi wa kuchomelea wa karibu, aje na vyombo vyake. Kimeu alifika akiwa na mdomo mrefu kwa sababu ilikuwa saa ya chakula, akaambiwa kesho haitafaa. Wanawake wawili walisimama nyuma yake, kila mmoja akimwelekeza upande wake, huku mtoto wa mbwa akilala kwenye kiti cha pikapu, mlango umefungwa na kioo kimeteremshwa nusu. Kimeu alichomelea, Wavinya akasukuma kwa goti, akasema bado. Akachomelea tena. Mara ya tatu komeo halikutikisika, na hapo Wavinya akatoa ufunguo mfukoni, akaenda kufungua mlango wa pikapu.